Mtu wa Eksirei Ana Beji, Mtu wa Usingizi Je?

Ingia chumba cha eksirei katika hospitali kubwa yoyote iliyo kwenye njia ya reli ya kati, iwe Dodoma, Tabora au Kigoma, kisha mtazame mpiga picha kifuani. Utakuta amebana kibeji kidogo cha plastiki. Ndani yake mna vipande vinavyotunza kumbukumbu ya mionzi iliyomfikia. Kila baada ya muda vibeji hukusanywa, husomwa kwenye maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania kule Njiro, Arusha, na kiwango cha kila mfanyakazi huandikwa kwa jina lake. Sasa toka hapo, fuata korido mpaka thieta. Nesi wa usingizi amekaa kichwani pa mgonjwa tangu saa mbili asubuhi. Naye anapokea kitu kisichoonekana kwa macho, saa baada ya saa, ila kifuani hana chochote zaidi ya kitambulisho chake.

Mwaka 2003 Tanzania ilitunga sheria mbili zinazowagusa watu hawa wawili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni namba 5 ya mwaka huo. Sheria ya Nguvu za Atomu ni namba 7. Ile ya namba 7 ndiyo iliyo nyuma ya kile kibeji. Ile ya namba 5 inamtaka mwajiri atambue hatari zilizopo kazini, azipunguze, na awapime afya wafanyakazi wake. Juu ya karatasi thieta imo ndani ya sheria hiyo kama kilivyomo kiwanda cha saruji. Kwa vitendo, kupima hewa ya thieta ni jambo ambalo halijazoeleka nchini, na wako watumishi wa usingizi wanaostaafu bila hewa waliyoivuta kupimwa hata mara moja.

Kinachozungumzwa hapa ni mvuke wa dawa za usingizi: halotheni, isoflureni, na ndugu zake. Mgonjwa anayepewa nusu kaputi huvuta mvuke huo ili alale, kisha hutoa sehemu kubwa ya huo mvuke kwa pumzi zake mwenyewe. Pumzi hiyo lazima iende mahali. Kwenye thieta zilizojengwa kwa fedha nyingi kuna mfumo wa mabomba unaoinyonya na kuitupa nje ya jengo. Penye fedha chache huishia humo humo chumbani, na walio karibu nayo zaidi ni yule wa usingizi, daktari wa upasuaji na nesi anayempa vifaa.

Dawa yenyewe ilikuwa na safari ndefu. David Livingstone alihitimu udaktari Glasgow mwaka 1840, miaka 6 kabla ya William Morton kumlaza mgonjwa kwa etha hadharani mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Kwa hiyo daktari huyo, aliyekaa na Stanley kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwanzoni mwa mwaka 1872, alikuwa amefundishwa kukata mwili wa mtu akiwa macho. Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilipitisha Tabora nguo, shanga, nyaya za shaba na pembe. Reli ilipofika mwaka 1912 mizigo ikabadilika, na leo Bohari ya Dawa ina ghala la kanda mjini hapo linalohudumia hospitali za upande huu wa nchi. Dawa ya usingizi imefika hadi mwisho wa njia ya misafara. Kipimo chake kimebaki njiani.

Halotheni ilitengenezwa na mkemia Charles Suckling wa kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1951, na Michael Johnstone akaanza kuwalaza nayo wagonjwa Manchester mwaka 1956. Ilipokelewa kwa shangwe kwa sababu haishiki moto. Etha ilikuwa ikilipuka, na thieta nyingi za zamani ziliishi kwa hofu ya cheche moja. Nchi tajiri baadaye ziliiacha halotheni kwa ajili ya dawa mpya zaidi, lakini huku kwetu imeendelea kufanya kazi miaka mingi kwa kuwa ni rahisi na haimkereketi mgonjwa kooni.

Huja kwenye chupa ya kahawia, kwa sababu mwanga huiharibu. Ndani yake hutiwa thimoli kidogo ili isichakae, na hiyo thimoli haivukizwi upesi kama dawa. Hubaki nyuma ndani ya vaporaiza, kifaa kinachoigeuza dawa kuwa mvuke, ikajikusanya, ikawa na rangi ya njano iliyokolea, na mwishowe ikafanya kitufe cha kuzungushia kiwe kizito mkononi. Mtu wa usingizi mzoefu huijua vaporaiza isiyosafishwa kwa kukizungusha tu kitufe chake. Ni wakati wa kuijaza vaporaiza hiyo, chupa imeinamishwa na mkono una haraka kwa kuwa mama mwenye uzazi pingamizi yuko mlangoni, ndipo tone linapomwagika.

Tone hilo lina hesabu yake. Mililita 1 ya halotheni, ambayo haifiki robo ya kijiko cha chai, ikikauka hutoa takriban mililita 227 za mvuke. Chukua thieta ndogo ya wilayani, mita 5 kwa 4, dari ya mita 3. Hiyo ni mita za ujazo 60, yaani lita 60,000 za hewa. Mililita ile moja ikisambaa chumba kizima itafikisha karibu sehemu 4 za mvuke katika kila sehemu milioni za hewa. NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, ilipendekeza mwaka 1977 kwamba dawa za jamii hii zisizidi sehemu 2 katika milioni, zikipimwa kwa muda usiozidi saa 1. Waingereza ni wapole zaidi: kwa halotheni waliweka 10, kwa isoflureni 50, tena kwa wastani wa saa 8 za kazi. Watu wazima wenye elimu wanapishana mara tano hadi ishirini na tano juu ya kiwango kimoja, na jambo hilo lenyewe linaonyesha kuwa namba hizi ni makadirio ya tahadhari, wala hakuna mstari wa kifo uliochorwa mahali. Hata hivyo tone moja limekwisha kuuvuka ule mkali.

Na tone ni jambo dogo. Vaporaiza nyingi zilizotumika hospitali za pembezoni ni za aina ya kuvuta hewa, kizazi cha ile ya etha iliyobuniwa Oxford na Epstein na Macintosh katika miaka ya 1950. Ni vifaa vya kusifiwa. Havihitaji mtungi wa gesi iliyoshindiliwa, umeme ukikatika vinaendelea, na gari likivibeba kwenye barabara ya vumbi vinafika vizima. Mgonjwa huvuta hewa ya chumbani ikipitia juu ya dawa, kisha pumzi yake hutoka kupitia valvu iliyo jirani na uso wake. Hairudi kwenye mashine. Yote inatoka, tena sentimita chache kutoka pua ya aliyemshikia barakoa.

Mgonjwa anayevuta lita 6 kwa dakika, zenye mvuke asilimia 1.5, hupitisha mililita 90 za mvuke kila dakika. Tuseme mwili wake unabakiza nusu. Zinazotoka ni mililita 45 kwa dakika, au 2,700 kwa saa. Katika kile chumba cha lita 60,000, hewa ikiwa imetulia kabisa, mwisho wa saa moja ni sehemu 45 katika milioni. Bila shaka hewa haitulii kabisa, milango hufunguliwa na madirisha yana nyufa. Lakini hapo ndipo hali ya hewa ya Tabora inapoingia katika hesabu.

Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, joto na vumbi hufanya madirisha yafungwe. Thieta zilizojengwa zamani zilikuwa na madirisha ya vioo vya kupachika yanayotazamana, na upepo ulipita. Siku hizi ukarabati mzuri maana yake ni madirisha ya aluminiamu na kiyoyozi ukutani. Kiyoyozi cha namna hiyo hunyonya hewa ya chumbani, huipoza, na kuirudisha ile ile. Joto linapungua, mvuke haupungui hata kidogo. Baadhi ya miongozo ya Marekani hudai hewa ya thieta ibadilishwe walau mara 15 kwa saa, na kati ya hizo 3 ziwe hewa mpya kutoka nje. Thieta iliyofungwa kwa kiyoyozi cha ukutani inaweza kuwa na ubaridi wa kupendeza huku hewa mpya inayoingia ikikaribia sifuri. Yaani jengo jipya linaweza kumdhuru mtumishi kuliko lile la zamani lililotobolewa matundu na Wamoraviani au Wamisionari wa Afrika, na hakuna anayeling'amua, maana kila mtu anafurahia ubaridi.

Harufu je, haimwamshi mtu? Halotheni ina harufu tamu, na watumishi wengi husema wakiisikia hufungua dirisha. Kwa bahati mbaya, kwa mujibu wa NIOSH, nusu ya watu hawaisikii mpaka ifikie mara 125 ya kile kiwango cha sehemu 2. Anayesubiri pua yake imwambie amechelewa sana. Naye aliyezoea hunusa hafifu kuliko mgeni.

Madhara yenyewe yanatakiwa yasemwe kwa uangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu hupenda kutisha. Mwaka 1967 mtafiti wa Kisovieti, Vaisman, aliwahoji madaktari wa usingizi zaidi ya 300. Wanawake kati yao walikuwa na mimba 31, na 18 ziliharibika. Namba hiyo ilizunguka dunia na ndiyo iliyoanzisha mjadala wote. Lakini Vaisman hakuwa na kundi la kulinganisha, na madaktari wale walikuwa wakifanya kazi saa nyingi mno katika vyumba vibovu. Tafiti za baadaye zilikuwa makini zaidi. Mwaka 1992 Andrew Rowland na wenzake walichapisha matokeo ya wasaidizi wa madaktari wa meno Marekani: waliofanya kazi saa 5 au zaidi kwa wiki na naitrasi oksaidi isiyonyonywa, uwezekano wao wa kushika mimba katika kila mzunguko ulikuwa asilimia 41 tu ya ule wa wenzao wasioigusa. Naitrasi ni gesi nyingine, inayotumika kwa nadra katika hospitali zetu za wilaya, kwa hiyo asilimia hiyo haiwezi kubebwa nzima ikamwagwa juu ya halotheni.

Kwa halotheni kuna suala la ini. Inajulikana sana kuwa mgonjwa anayepewa mara kwa mara anaweza, kwa nadra, kupata homa kali ya ini. Isiyojulikana sana ni habari ya mwaka 1969, ambapo Klatskin na Kimberg waliandika kuhusu mtaalamu wa usingizi aliyerudiwa na homa ya ini tena na tena kwa kukutana na halotheni kazini. Walipompa kiasi kidogo kwa makusudi ili kuhakikisha, ini likachafuka upya. Ni mtu mmoja, na visa vya namna yake ni vichache mno. Lakini ugonjwa wa ini kwa mtumishi wa Tabora una watuhumiwa wengi wa karibu, kuanzia virusi vya homa ya ini aina ya B mpaka pombe, na bila kumbukumbu ya hewa aliyoivuta, hakuna daktari atakayemfikiria mtuhumiwa wa thieta.

Kumbukumbu hiyo ina thamani ya fedha pia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipa fidia kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Madai yanahitaji kuonyesha kwamba kazi ndiyo iliyomgusa mtu na kile kilichomdhuru. Mpiga eksirei ana karatasi ya Njiro. Nesi wa usingizi atapeleka nini? Atapeleka neno lake, na daftari la thieta linaloonyesha wagonjwa wangapi walilazwa, bila kusema chochote juu ya hewa.

Upimaji wenyewe hauna uchawi. Iko beji yenye mkaa maalumu ndani, ambayo huvaliwa kwenye kola, karibu na pua. Hufunguliwa mwanzo wa zamu, saa ikaandikwa, hufungwa mwisho wa zamu, saa ikaandikwa, kisha hupelekwa maabara ambako mvuke uliofyonzwa hutolewa na kupimwa kwa mashine ya kromatografia ya gesi. Iko pampu ndogo ya kiunoni inayovuta hewa kupitia kitubu. Na iko mashine ya miali ya infraredi inayotoa jibu papo hapo, ambayo fundi huitembeza kwenye viungio vya mipira mpaka anase panapovuja. Ya mwisho ndiyo ghali. Beji ni ndogo, huchukulika hata kwa basi, mradi isiachwe juani, na beji kumi zilizovaliwa kwa akili wakati wa wiki moja yenye kazi nyingi zingeipa hospitali ya mkoa picha ambayo haijawahi kuwa nayo. Kwa akili maana yake ni hivi: mbili zivaliwe siku madirisha yamefungwa na mbili siku yamefunguliwa, moja iwekwe chumba cha kuzindukia, maana mgonjwa huendelea kutoa mvuke baada ya upasuaji, na nesi anayemwamsha huinama usoni pake.

Kuna hata cha kufanya bila beji. Fundi sanifu wa vifaa tiba mwenye maji ya sabuni na brashi hugundua viungio vinavyovuja kwenye mashine yenye mgandamizo. Mfamasia anayelinganisha chupa zilizotoka stoo na idadi ya operesheni za nusu kaputi ataona mwezi ambao dawa imeliwa kuliko wagonjwa. Tofauti hiyo ilimwagika, au ilivuja, au vaporaiza imekosea. Yote matatu yanafaa kujulikana.

Tena ni haki kusema kwamba thieta za Tabora zina unafuu fulani. Upasuaji mwingi wa kujifungua sasa hufanywa kwa sindano ya uti wa mgongo, na dharura nyingi hulazwa kwa ketamini, ambayo haina mvuke wa kumsumbua mtu mwingine. Mzigo wa hewa uko zaidi kwenye operesheni ndefu za tumbo, za watoto, na za mifupa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini, Nkinga iliyoanzishwa na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden kule Igunga, Ndala ya Wakatoliki wilayani Nzega, Sikonge ya Wamoraviani: kila moja ina mchanganyiko wake wa kazi, na kipimo cha moja hakiwezi kusemea nyingine.

Kwa madaktari wa mifugo mambo ni tofauti kabisa. Ng'ombe wa Msukuma anayefanyiwa upasuaji wa ndama aliyekwama husimama wima, ubavu umetiwa ganzi kwa lidokeini. Punda au mbwa huangushwa kwa zailazini na ketamini. Hakuna mvuke. Huko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, hatari ya daktari wa wanyamapori ni etofini, dawa ya mshale iliyoenezwa Afrika Mashariki na akina Toni Harthoorn wa Makerere na Nairobi: kiasi kidogo kikiingia kwenye mchubuko wa mkono kinaweza kumuua mtu, ndiyo maana haishikwi na mtu aliye peke yake na dawa ya kuizima huwa tayari pembeni.

Mvuke unawasubiri madaktari wa mifugo mjini, kwenye kliniki za mbwa na paka za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Humo isoflureni imeshaingia, na mazoea mabaya ya kazi hiyo ni mabaya kuliko ya thieta ya watu. Paka mkali hutiwa ndani ya kisanduku cha plastiki, kisanduku hujazwa mvuke, kisha kifuniko hufunguliwa mbele ya uso wa daktari. Barakoa ya mbwa hailingani na pua ya kila mbwa. Daktari ni huyo huyo mpasuaji, huyo huyo wa usingizi, na chumba ni kidogo. Utafiti wa Adeleh Shirangi na wenzake Australia, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta madaktari wanawake wa mifugo waliofanya kazi saa 1 au zaidi kwa wiki penye mvuke usionyonywa wakiwa na hatari ya kuharibikiwa mimba zaidi ya mara mbili ya wenzao. Kliniki hizo zina njia moja rahisi: kopo la mkaa linaloning'inizwa kwenye bomba la kutolea pumzi. Hupimwa kwenye mizani kabla ya kuanza kutumika, uzito ukaandikwa ubavuni, na likiongezeka gramu 50 hutupwa. Halikamati naitrasi oksaidi, na hilo huandikwa kwa maandishi madogo.

Nesi wa usingizi akishika mimba, ushauri wa vitabuni ni ahamishwe kwa muda. Kwenye hospitali yenye watu wawili wa usingizi, mmoja akiwa masomoni Moshi, ushauri huo haufanyi kazi. Atakayeitwa usiku ni yeye. Kwa hiyo dawa ya kweli ni kuisafisha ile hewa anayoivuta, na kwa vaporaiza za kuvuta hewa inawezekana kwa bei ya mpira. Mpira wa mikunjo wenye upana wa milimita 22 huunganishwa kwenye tundu la valvu ya pumzi, hushushwa sakafuni, ukapitishwa kwenye tundu la ukuta hadi nje. Usiunganishwe moja kwa moja na mashine ya kufyonzea damu, kwa maana nguvu ya mvuto inaweza kumnyang'anya mgonjwa pumzi yake. Usiwe mrefu kupita kiasi wala usikanyagwe na gurudumu la meza. Mdomo wake wa nje usielekee benchi la ndugu wanaosubiri, ambao kwa kawaida hukaa hapo hapo chini ya dirisha la thieta penye kivuli cha mwembe, na uvikwe wavu wa waya, kwa sababu nyigu hupenda kujenga kwenye matundu ya namna hiyo na bomba lililozibwa humfanya mgonjwa ashindwe kutoa pumzi. Anayefungua thieta asubuhi aukague kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, na aweke tiki kwenye daftari lile lile la ukaguzi wa mashine.